Aliyeketi Jukwaani na Daftari Naye Yumo Kazini

Mzazi akisikia kuwa kijana wake amejiunga na timu ya roboti, aghalabu picha inayomjia ni ya mtoto aliyeshika bisibisi, au anayeandika programu kwenye kompyuta, au anayeiendesha roboti uwanjani huku umati ukimshangilia. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu. Katika mashindano makubwa ya roboti za wanafunzi wapo vijana ambao kutwa nzima hawaigusi roboti hata kwa kidole. Huketi jukwaani, kishikwambi au daftari mapajani, wakizitazama roboti za watu wengine na kuandika. Mzazi asiyeijua kazi hiyo huuliza kwa masikitiko: "Mwanangu kasafiri kote huko kwenda kuandika tu?" Juma hili tumeona tulijibu swali hilo, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalozihusu nyumba zetu kuliko linavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Tuchukue mfano wa FIRST Robotics Competition, mashindano ya vijana wa umri wa sekondari yaliyoanzia Marekani. Taasisi inayoyaendesha iliasisiwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, zikishiriki timu 28. Leo timu zimezidi 3,000 na zinatoka nchi mbalimbali. Uturuki, kwa mfano, ina timu nyingi, na mashindano ya namna hii hufanyika katika jiji la Istanbul. Kila mwaka, mwezi wa Januari, timu zote hutangaziwa mchezo mpya na kanuni zake kwa siku moja. Zikishatangaziwa, huwa na majuma machache tu ya kubuni na kuunda roboti ambayo, kwa mwaka 2024, haikuruhusiwa kuzidi takriban kilo 57, bila kuhesabu betri na bampa zake.

Uwanja una urefu wa takriban mita 16 na upana wa mita 8. Kwa miaka mingi, hata mwaka 2024, mechi ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Katika sekunde 15 za mwanzo hapakuwa na mkono wa binadamu. Roboti ilifuata programu iliyoandikiwa. Baada ya hapo vijana walishika usukani mpaka kengele ya mwisho.

Jambo la kuzingatia ni kuwa katika mashindano haya hakuna timu inayocheza peke yake. Timu tatu huungana dhidi ya timu nyingine tatu, na katika hatua ya awali muungano hupangwa na kompyuta, si kwa hiari. Aliye mwenzako saa tatu asubuhi huenda akawa mpinzani wako saa tano. Hatua ya awali ikimalizika, timu nane zilizo juu kwenye msimamo huwa manahodha, nazo husimama mbele ya hadhara kuchagua wenzi wa kucheza nao hatua ya mwisho. Katika mzunguko wa kwanza uchaguzi huanzia kwa nahodha wa kwanza hadi wa nane. Katika mzunguko wa pili hugeuzwa, ukaanzia kwa wa nane kurudi kwa wa kwanza. Hivyo hupatikana miungano minane ya timu tatu tatu, yaani timu 24. Zilizobaki hufunga mizigo yao.

Basi nahodha anapoitwa kutaja jina la timu anayoitaka, anategemea nini? Msimamo hautoshi, kwa sababu timu inaweza kupanda kwa bahati ya kupangiwa wenzi hodari, na nyingine ikashuka kwa kuangukiwa na wenzi ambao roboti zao ziliharibika. Nahodha hutegemea kile kilichoandikwa na wale vijana wa jukwaani.

Ili tuelewe uzito wa maandishi hayo, tuutazame mchezo wa mwaka 2024 ulioitwa Crescendo, ambao ulijengwa juu ya mfano wa muziki. Roboti ziliokota pete za sponji za rangi ya machungwa na kuzipeleka katika mojawapo ya sehemu mbili. Ya kwanza ni spika, mlango mpana ulio juu. Ya pili ni amplifaya, mlango mwembamba ulio pembeni mwa uwanja. Baada ya zile sekunde 15 za mwanzo, pete iliyoingia kwenye amplifaya ilikuwa na alama 1 tu, na iliyoingia kwenye spika alama 2. Lakini amplifaya ikishapokea pete mbili, muungano uliweza kubonyeza kitufe, na kwa sekunde 10, au mpaka pete nne ziingie, kila pete ya spika ikawa na alama 5 badala ya 2.

Sasa tupige hesabu kwa mfano tulioupanga wenyewe. Roboti ya kwanza inatia pete sita kwenye amplifaya: alama 6. Roboti ya pili inatia pete nane kwenye spika, zote ndani ya zile sekunde za nyongeza: alama 40. Roboti ya tatu haitii pete hata moja. Inazunguka upande wa mbali wa uwanja, inaokota pete na kuzirusha karibu na mwenzake wa pili ili asipoteze muda wa kuzifuata. Alama zake ni sifuri. Ubao utaandika 46. Taarifa rasmi itaeleza ni pete ngapi zilizoingia mlango upi, lakini haitasema ziliingizwa na roboti ipi.

Anayetazama kwa pupa atasema roboti ya pili ndiyo iliyofanya kazi yote. Tuiondoe basi ile ya kwanza: bila nyongeza ya amplifaya, pete nane zile zile zingeleta alama 16. Alama 24 kati ya 40 zimetokana na jitihada ya mwenzake ambaye kwa jina lake ana alama 6 tu. Tuiondoe na ya tatu: huenda roboti ya pili ingetumia muda wake mwingi barabarani na kutia pete nne badala ya nane. Aliyeandikiwa sifuri alikuwa nguzo, na ubao haukumwona.

Wapo wataalamu wa hesabu wanaochukua jumla za miungano yote, katika mechi zote, na kwa milinganyo wakakisia mchango wa kila timu. Hesabu hizo ni msaada mzuri, na timu nyingi huzitumia. Lakini hazina macho. Haziwezi kueleza kwamba roboti fulani ilizuiwa mechi nzima na wapinzani wawili, wala kwamba ile iliyobaki katupu ilikatika waya wa betri katika sekunde ya kumi. Hayo huonwa na mtu aliyeketi, akatazama roboti moja tu mechi nzima, bila kufuata shangwe zinakoelekea.

Ndiyo maana kazi hugawanywa. Uwanjani mna roboti sita, na jukwaani huketi vijana sita, kila mmoja na roboti yake. Tuseme mashindano yana timu 42 na kila timu inacheza mechi 10: hizo ni mechi 70, na ni mara 420 ambazo roboti lazima itazamwe na kuandikiwa. Vijana hupokezana kwa zamu, maana jicho huchoka. Kwa kuwa timu haziruhusiwi kufungua mitandao yao isiyo na waya ndani ya ukumbi, wengine hukusanya taarifa kwa kuzigeuza kuwa msimbo wa QR kwenye kishikwambi, ambao mwenzao huupiga picha na kuuingiza kwenye kompyuta. Wengine bado hutumia karatasi na kalamu, na kazi ikaenda.

Kinachoandikwa si idadi ya pete pekee. Fomu nzuri hutofautisha sifuri na sifuri. Mwishoni mwa mchezo ule wa 2024 roboti ziliweza kujining'iniza kwenye mnyororo na kupata alama zaidi. Roboti ambayo haikuning'inia huenda ilijaribu ikaanguka. Huenda haikujaribu kwa kuwa walikubaliana na wenzake ibaki ikitia pete. Huenda ilikwisha kufa uwanjani dakika nzima kabla. Kwenye ubao yote matatu ni kitu kimoja. Kwa mwangalizi ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina hukumu yake. Kijana wa miaka kumi na mitano anayejifunza kuandika "hakujaribu" mahali pake, na "alijaribu akashindwa" mahali pake, amejifunza somo ambalo watu wazima wengi hatujalihitimu: kutofanya si lazima kuwe ni kutoweza.

Kabla ya mechi kuanza waangalizi hupita pia kwenye vibanda ambako timu hutengenezea roboti zao. Huuliza: roboti yenu inafanya nini? Huianza vipi mechi? Hupanda mnyororo? Majibu huandikwa, lakini hayachanganywi na yaliyoonekana. Timu ikisema kuwa roboti yake hupanda kila mara, kisha ikaonekana imepanda mara tatu katika mechi tisa, haimaanishi kuwa walisema uongo. Pengine karakanani kwao ilipanda kila mara, ambako hapakuwa na mpinzani wa kuigonga wala wenzake wawili kwenye mnyororo ule ule. Dai huwekwa kwenye safu yake na tendo kwenye safu yake, kisha mwenye kuchagua akayalinganisha.

Liko na suala la wastani. Tuchukue roboti mbili, kila moja imecheza mechi sita. Ya kwanza imetia pete 12, 0, 11, 1, 12 na 0. Ya pili imetia 6, 6, 7, 5, 6 na 6. Jumla ya kila moja ni 36, na wastani ni 6. Anayetazama wastani ataziona sawa, ilhali si sawa hata kidogo. Nahodha aliye juu kwenye msimamo, ambaye tayari ana roboti yenye nguvu, atataka ile ya pili ambayo haitamwangusha. Nahodha wa nane, ajuaye kuwa kwa mwendo wa kawaida hawezi kumshinda wa kwanza, anaweza kuithubutu ile ya kwanza. Na kabla ya yote hayo mwangalizi mwema ataulizia zile sifuri zilitokana na nini. Kama ni waya mmoja uliolegea, na sasa umekazwa, orodha nzima hubadilika.

Sasa tufike kwenye kiini. Kazi hii huharibiwa na mambo madogo. Kijana aligeuka kuzungumza na rafiki, pete mbili zikampita, naye akaandika idadi aliyoibuni. Mwingine alichoka, akanakili ya jirani. Mwingine roboti anayoitazama ni ya shule ya rafiki zake, akaongeza mbili. Au ni ya timu iliyowafunga jana, akapunguza mbili. Hakuna atakayemkamata. Lakini usiku wa kuamkia siku ya mwisho timu huketi na taarifa hizo kupanga orodha ya kuchagua, mstari kwa mstari. Kwa namba ile ya kubuni, timu ya vijana waliokesha majuma kadhaa wakiunda roboti yao inaweza kushuka kutoka nafasi ya 20 hadi ya 30, wasiitwe, wasijue kwa nini. Na timu ya huyo aliyebuni nayo itajikuta imemchagua mwenzi asiyefaa. Kanuni moja haitoi nafasi ya kujirekebisha: timu iliyoalikwa na muungano ikakataa haiwezi kualikwa na muungano mwingine. Uchaguzi ni wa mara moja, mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo timu makini huwafundisha waangalizi wao neno moja kabla ya yote: "sikuona". Aliyepitwa aandike kuwa hakuona. Nafasi iliyoachwa wazi kwa uaminifu haimdhuru mtu. Namba ya kubuni humdhuru asiyekuwepo kujitetea. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika kumbukumbu za vikao twajua jinsi neno hilo lilivyo zito kalamuni. Kijana anayeweza kuliandika huku wenzake watano wakiwa wamejaza fomu zao zote amepita mtihani ambao hakuna roboti inayoweza kuupita kwa niaba yake.

Uaminifu huo hudaiwa pia juu ya timu yake mwenyewe. Roboti ya nyumbani nayo ina mwangalizi wake, naye hutakiwa kuandika makosa yake kwa wino ule ule. Tumezoea kuvumilia ukweli juu ya wengine, lakini ukweli juu ya wetu hutuwasha. Timu inayojipamba kwenye fomu zake yenyewe huingia hatua ya mwisho ikijidhania kuwa na kile isichokuwa nacho.

Pengine msomaji atasema huu ni upelelezi. Washiriki wenyewe huwaita waangalizi hao skauti, jina lile lile tulilolizoea kwa vijana wenye skafu shingoni, na maana yake ya asili ni mtu anayetangulia kutazama ili wenzake wajue njia. Mpelelezi hujificha, hawa huketi mahali pa wazi, na timu wanazozitazama nazo zinawatazama wao. Zipo timu zinazogawana taarifa zao na timu nyingine, hasa zile changa zisizo na watu wa kutosha kuketi jukwaani. Mmoja wa waasisi wa mwenendo wa mashindano haya, Woodie Flowers, profesa wa chuo cha MIT aliyefariki mwaka 2019, alisisitiza maisha yake yote kuwa mtu aweza kushindana kwa nguvu zake zote na bado akamtendea mpinzani kwa heshima na ukarimu. Ndiyo maana katika vibanda vile si ajabu kuiona timu ikimkopesha mpinzani wake kifaa dakika chache kabla ya kukutana naye uwanjani.

Hayo hayako mbali nasi. Tangu mwaka 2017 ndugu ya mashindano haya, FIRST Global Challenge, huzialika nchi za dunia, kila moja kwa timu moja ya taifa. Tanzania na Kenya zimekuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka vijana, na mwaka 2019 mwenyeji alikuwa Dubai, ambako mchezo ulihusu kusafisha bahari. Huko nako timu hucheza kwa miungano, nchi kando ya nchi, na kijana asiyejua kumtazama mwenzake kwa haki hupata tabu hata akiwa fundi hodari. Kwa kuwa vilabu vya roboti vinaendelea kuingia katika shule zetu, wazazi na tujiandae kuelewa kazi zote zilizomo, si ile ya usukani peke yake.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akirudi kutoka kwenye mashindano na kusema alikuwa mwangalizi, tusimuulize kwa unyonge, "Kwa hiyo roboti hukupewa?" Tumuulize: ulitazama timu ipi, ulibaini nini ambacho ubao haukukionyesha, na maandishi yako yalibadilisha uamuzi gani? Atakuwa na mengi ya kusimulia, na katika kusimulia kwake tutajua kama alitazama kweli.

Wala hatuhitaji roboti kumfundisha mtoto jicho hilo. Jumamosi jioni panapochezwa mpira mtaani, mpe mwanao karatasi na umwambie amtazame mchezaji mmoja tu kwa dakika 20, hasa yule asiyefunga magoli. Aandike pasi ngapi alitoa zikafika, ngapi zikapotea, mara ngapi alimzuia mpinzani, na mara ngapi alikimbia kuziba pengo la mwenzake. Ndugu yake amtazame mchezaji huyo huyo kwenye karatasi nyingine. Mwisho walinganishe. Zitatofautiana, na mazungumzo ya kwa nini zimetofautiana yana faida kuliko matokeo ya mpira wenyewe.

Tukishamaliza ya mpirani, tutazame na yaliyomo ndani ya nyumba zetu. Ripoti ya shule inapoletwa, jicho letu hukimbilia nafasi: wa ngapi kati ya wangapi. Hiyo nayo ni ubao. Haisemi kuwa huyu aliyekuwa wa 14 ndiye aliyekuwa akimfundisha hesabu mdogo wake kila usiku mpaka mdogo akawa wa tatu katika darasa lake. Haisemi kuwa aliyeshuka muhula huu ndiye aliyemuuguza bibi mama alipokuwa safarini. Nyumbani kuna mtoto anayetia pete kwenye spika, naye husifiwa na kila mgeni; na kuna mwenzake anayeziokota upande wa mbali na kumrushia. Mzazi ndiye mwangalizi pekee aliyekaa mahali pa kuwaona wote wawili. Tusipoandika sisi, hakuna mwingine atakayeandika.

Na pale tulipokuwa kazini, safarini au usingizini, tusihukumu kwa kukisia. Tuseme hatukuona, kisha tumuulize mtoto.